Mtori wa Kipupwe: Maelekezo kwa Wenye Haraka

Ukitaka kupika mtori, anza kwa kukaa chini. Nasema kwa dhati kabisa. Wengi wanaouharibu hawakukosa kiungo chochote. Walisimama tangu mwanzo, jicho moja kwenye sufuria na jingine kwenye simu, mguu mmoja uko mlangoni. Chakula hiki kinamtambua mpishi wa namna hiyo, na kinamwaibisha mbele ya wageni: nyama ngumu kama kandambili, ndizi mabonge mabonge, maji yamejitenga pembeni yanamtazama.

Msimu wake ndio huu. Kuanzia Juni hadi Agosti, Marangu, Machame, Kibosho na Rombo hukaa chini ya wingu zito, na Mlima Kilimanjaro, pamoja na urefu wake wote wa mita 5,895, unaweza kupotea machoni siku nyingi usijue kama bado upo. Ukungu unaingia hadi uani. Nguo zinashinda kwenye kamba siku tatu na bado ukizikunja zina unyevu. Njombe na Makete wana baridi kali kuliko hiyo, sakitu inaunguza viazi shambani. Hata Dar es Salaam, mji wa watu waliozoea kulalamikia joto, mwezi wa saba utawaona abiria wa alfajiri wamejitanda kanga juu ya sweta.

Sasa tatizo letu Watanzania ni kwamba supu tumeipangia saa. Supu kwetu ni ya asubuhi: bakuli la makongoro, chapati mbili, ndimu, pilipili, na siku imeanza. Sina ugomvi na bakuli hilo, nimelila sana na nitaendelea kulila. Lakini ikifika saa mbili usiku, baridi inapouma kweli, tunamwekea mtu wali uliopoa na kumwambia karibu. Nani alisema supu mwisho wake saa nne asubuhi? Wenzetu wa Nairobi walishaelewa. Jioni ya Julai utawakuta wamezunguka jiko la mutura kando ya barabara, kila mtu na kikombe chake cha supu ya kichwa au ya mifupa, wanapuliza na kunywa, na hakuna anayeuliza kama kumekucha.

Mtori umefanyiwa jambo baya zaidi. Huo haukupangiwa saa tu, umepangiwa na mtu. Uchagani mwanamke akijifungua hukaa ndani akitunzwa, kwa desturi miezi mitatu, na katika siku hizo mtori ndio chakula chake kikuu, pamoja na kisusio, ile supu inayotiwa damu. Desturi hiyo imeshuka mlima na kusambaa nchi nzima. Nenda leo wodi ya wazazi yoyote Dar es Salaam saa ya kuona wagonjwa uhesabu chupa za mtori zinazopita mlangoni. Wanaozibeba ni Wazaramo, Wasukuma, Wamakonde, wote. Naipenda desturi hii kwa moyo wangu wote. Mwanamke aliyetoka kujifungua anastahili kupikiwa na mtu aliyetulia. Ninachokataa ni ile tafsiri iliyozuka kwamba wengine wote nyumbani wangoje mpaka mtoto azaliwe ndipo waonje. Bibi wa miaka themanini atazaa lini? Na baba mwenye nyumba je? Baridi haichagui mzazi, basi na mtori usichague.

Tuanze na ndizi, maana hapo ndipo wengi wanapokosea mapema. Ndizi ya mtori ni mshare, ambayo wenyewe Wachagga huiita mchare. Ni ndefu, nyembamba, na ikiiva jikoni inalainika vizuri bila kuwa na utamu wa sukari. Ukienda soko la Mabibo pale Dar es Salaam, taja jina. Usiseme tu "ndizi za kupika", utapewa chochote kilichobaki. Mzuzu ni ya kukaanga na kuchoma. Ukiitia kwenye mtori umepika kitu ambacho hakina jina. Ndizi za Bukoba zinakubalika ukikosa mshare, ingawa mtori wake unakuwa mzito zaidi na unataka mchuzi mwingi. Chagua ndizi mbichi iliyokomaa, ile ambayo kingo zake zimeanza kujaa na kupoteza makali. Changa ina utomvu mwingi na inabaki ngumu hata uichemshe mpaka mkaa uishe. Iliyoanza kuwa ya njano, wape watoto waile hivyo hivyo.

Ndizi hii haikutokea sokoni, na naomba msomaji anivumilie hapa kidogo. Inatoka kwenye kihamba, shamba linaloizunguka nyumba ya Mchagga. Juu kuna miti mirefu kama mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na karibu na nyumba zizi la ng'ombe. Ng'ombe anakatiwa majani na mashina ya migomba, samadi yake inarudi kwenye mashina yale yale, na maji yanashuka kutoka mlimani kwa mifongo iliyochimbwa na mababu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huu, kwa mfano wa Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Kwa hiyo ukiweka ndizi, nyama na maziwa kwenye sufuria moja, unavirudisha pamoja vitu vilivyokuwa vikilishana tangu awali. Ndiyo maana vinapatana. Na ndiyo maana sioni haja ya kuwaletea mgeni wa kopo.

Tuje kwenye nyama. Siku moja, kwenye bucha moja mjini Moshi, nilisimama foleni nyuma ya kijana mmoja aliyeonekana hajalala siku mbili.

"Shikamoo mzee. Nipimie steki kilo moja, ya mtori."

"Marahaba." Mzee akaweka kisu chini. "Steki ya mtori? Mwanangu, nani amekutuma?"

"Mke wangu amejifungua juzi, baba."

"Hongera sana. Basi usimpelekee steki. Mzazi anataka mchuzi, hana haja ya kutafuna. Chukua kidari hiki, na mfupa huu wa goti."

Kijana akasema mfupa unaongeza uzito kwenye mizani bure. Mzee hakubishana naye. Aliuweka mfupa juu ya gogo, akaushukia na shoka mara moja, ukafunguka. Ndani uboho ulikuwa mweupe wenye wekundu kwa mbali, umejaa mpaka ukingoni, na kwenye kichwa cha mfupa gegedu liling'aa kama kauri. "Hii ndiyo unayolipia," akamwambia. Kijana akalipa. Mimi nilipofika mbele sikuwa na la kusema zaidi ya kuomba kama cha mwenzangu.

Mzee yule yuko sahihi, na sababu yake si ushirikina wa bucha. Steki ni nyama tupu isiyo na mishipa. Ukiichemsha kwa saa nyingi inakauka na kuchambuka nyuzi nyuzi, na mchuzi unabaki maji. Kidari, mbavu na magoti yana ngozi ngumu, kano na gegedu, na hivyo vikipata moto mdogo kwa muda mrefu huyeyuka na kuwa kile kinachofanya mchuzi ushikane midomoni. Hakuna njia ya mkato ya kukipata. Kwa familia ya watu sita hadi wanane, chukua kilo moja na nusu ya nyama yenye mifupa na ndizi kumi na tano hivi. Ongeza vitunguu maji viwili, kipande cha tangawizi ukubwa wa kidole gumba, punje nne za kitunguu saumu, chumvi, na vijiko viwili vya samli au kikombe cha maziwa. Orodha imekwisha.

Kuna mtu tayari amenyanyua mkono anauliza kidonge cha supu kinaingia saa ngapi. Hakiingii. Umekwenda bucha, umelipia mfupa wa goti, umeubeba mpaka nyumbani, halafu unatia kidonge chenye picha ya ng'ombe? Ng'ombe mwenyewe yumo ndani ya sufuria. Picha yake ya nini?

Weka nyama kwenye maji baridi, lita tatu hivi, ndipo uwashe moto. Ukiitupa kwenye maji yanayochemka, povu linanaswa humo humo na kuuchafua mchuzi. Kwa dakika kumi na tano za mwanzo kazi yako ni moja tu, kuengua povu la kijivu linalopanda juu. Baada ya hapo tia tangawizi, kitunguu saumu na chumvi kidogo, punguza moto, funika nusu. Sufuria inatakiwa iwe inanong'ona. Ikianza kupiga kelele, ondoa kuni moja. Moto mkali unayavuruga mafuta ndani ya maji na mchuzi unakuwa na rangi ya maji ya kufulia, tena nyama inakakamaa badala ya kulainika.

Saa mbili na nusu. Ndiyo, nimesema saa mbili na nusu, na kama uko juu kule Kibosho au Marangu ongeza nusu saa. Mtu aliyekulia pwani akihamia huko anadhani nyama ya mlimani ni ya ng'ombe wazee. Hapana. Kila ukipanda mita mia tatu hivi, maji yanachemka kwenye joto pungufu kwa nyuzi moja. Ukiwa mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, sufuria yako inachemka kwenye nyuzijoto 95, siyo 100, na haitapanda zaidi ya hapo hata uchochee kuni za kijiji kizima. Kwa hiyo unachoongeza ni muda. Mwenye sufuria ya presha na aitumie, sitamhukumu. Mkaa ni ghali na gesi ni ghali. Lakini akishaifungua auache mchuzi utulie kwenye moto mdogo bila mfuniko angalau nusu saa, ukusanye ladha.

Wakati huo, kaa na ndizi zako. Paka mikono mafuta ya kula kabla ya kushika kisu, kwa sababu utomvu wa mshare ukikauka mikononi unageuka mweusi na hautoki kwa sabuni, na ukidondokea shati hilo shati limeshakuwa la shambani. Andaa bakuli la maji yenye chumvi kidogo au limao. Kila ndizi unayomenya itumbukize humo humo, maana ikipigwa na hewa inapiga weusi, na mtori uliotokana na ndizi nyeusi unatia huzuni kuutazama hata kama ladha ipo. Ondoa nyuzi zote za nje zinazobaki baada ya kumenya. Hizo ndizo zitakazomkwaza mtoto kooni kesho akuambie hapendi mtori, na utamlaumu mtoto.

Nyama ikishaiva mpaka inaachia mfupa, itoe yote uiweke pembeni. Chota vikombe viwili vya mchuzi, uvifiche. Nasema ufiche kwa sababu ndani ya nyumba yenye baridi mtu yeyote anayepita jikoni atauliza kama anaweza kuonja, na wewe una moyo mwema. Vikombe hivyo viwili ndiyo akiba yako ya baadaye. Katika mchuzi uliobaki tia ndizi na vitunguu vilivyokatwa, chemsha dakika thelathini hadi arobaini, mpaka ndizi ukiibonyeza na mwiko inakubali bila kushindana.

Hapa ndipo mtori unapoachana na ndugu yake. Ukisimama hapa, ukaacha ndizi vipande na kurudisha nyama, umepika machalari, na machalari ni chakula kizuri sana chenye heshima yake. Mtori unakwenda mbele zaidi: unapondwa. Watu wa siku hizi wanakimbilia blenda. Blenda inasaga wanga wa ndizi mpaka unakuwa gundi, inanyooka na kuning'inia kwenye kijiko kama ya fundi viatu. Tumia mwiko. Shangazi yangu huko Kibosho huketi kwenye kigoda, sufuria ameibana kwa miguu miwili juu ya kitambaa chenye maji, na mwiko wa mti anaushika kwa mikono yote miwili. Anaponda kwanza pembeni, anageuza, anarudi katikati. Mlio unabadilika wenyewe: mwanzoni ni mzito, kama mtu anakanyaga tope, halafu unalainika, na ukishakuwa mwororo kabisa yeye anaacha hata kabla ya kutazama ndani. Vipande vidogo vidogo hubaki humo, navyo viachwe. Mtori usio na hata chembe ya ndizi ya kukutana na ulimi ni uji.

Sasa toa ile akiba. Ongeza mchuzi upawa kwa upawa huku ukikoroga, mpaka ukiinua mwiko mtori unateleza na kuanguka taratibu, unaacha alama juu kwa kitambo kidogo halafu inafutika. Kumbuka utazidi kuwa mzito ukipoa, kwa hiyo uache mwepesi kuliko unavyoutaka mezani. Chambua nyama kutoka kwenye mifupa, irudishe, na uboho uukung'ute wote humo ndani. Rudisha kwenye moto mdogo sana kwa dakika kumi, mwiko usitoke. Mtori unashika chini upesi mno, na ukishaungua harufu ya moshi inaingia kote, huwezi kuificha kwa kitu chochote. Mwisho kabisa tia samli au maziwa, na ukishatia maziwa usiuchemshe tena kwa nguvu. Onja chumvi hapo, kwa sababu kabla ya hapo ulikuwa unabahatisha.

Kuna maswali yanayokuja kila mara. Nyanya? Mimi situmii, zinatia uchachu mahali ambapo ndizi inataka utulivu, na rangi inageuka ya mchuzi wa kawaida. Karoti moja iliyokunwa inapita. Pwani wanatia tui la nazi badala ya samli, na kwa kweli ni tamu, ingawa Mchagga wa zamani atakula kimya kisha aulize mtori uko wapi. Pilipili ikae mezani, kila mtu na kichaa chake.

Mimina kwenye mabakuli mazito au vikombe vya bati, ungali wa moto wa kupulizwa. Usiandae na wali, usiandae na ugali. Ndizi zimo ndani tayari. Utaona watu wanashika bakuli kwa mikono miwili na kuliweka karibu na kifua kabla ya kunywa, hata watoto ambao hawajafundishwa. Waache. Ukibaki, kiporo chake kiweke kwenye friji mara kinapopoa, na kesho kipashe kwa maji ya moto kidogo kidogo mpaka kichemke sawasawa.

Limebaki jambo moja la usiku huo huo. Mtori umechukua saa nne, jiko la mkaa limejaa makaa mekundu, chumba kimepata joto, na mtu atasema tuliache ndani hadi asubuhi. Usikubali. Makaa hayo yanatoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na katika chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya baridi inaua watu wakiwa usingizini. Inatokea karibu kila msimu wa baridi, kwa familia nzima mara nyingine. Wakati wengine wanaosha mabakuli, wewe beba jiko ulitoe nje, uyamwagie maji makaa mpaka yazime, ndipo ufunge mlango mkalale.